NIMEIBA KWA PATRONI WANGU: JE, NIKIRI?

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake wote. Amma baad.

Somo la Ijumaa hii limetokana na swali. Mtu mmoja alinijia usiku baada ya sala ya Isha, watu wamekwisha kutoka, akakaa karibu na nguzo akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Maalim, mimi ni mwizi." Alikuwa mshika depo wa mfanyabiashara mmoja wa mji wetu. Kwa muda wa miaka miwili alikuwa akiandika katika buku la depo kwamba mfuko fulani wa sukari umepasuka au umelowa njiani, na mfuko ule akauuza pembeni. Alikuwa amehesabu mwenyewe: mifuko 23. Kwa bei ya wakati ule, dola 50 kwa mfuko, ilikuwa dola 1.150. Akaniuliza: "Nikitubu kwa Mungu, inatosha? Au ni lazima nikamwambie patroni? Nikimwambia, watoto wangu watakula nini?"

Yeye mwenyewe ameniomba nilitoe jambo hili kwenye karatasi bila jina lake, ili wengine wafaidike. Nakuomba wewe msomaji usitafute ni nani. Jitafute wewe mwenyewe, kwa kuwa wengi wetu tunafanya kazi kwa watu: dereva, fundi, sentinele, mpishi, muuzaji, mwandishi wa ofisi, mwalimu. Kila mmoja ana ufunguo fulani mkononi.

1. KAZI NI AMANA

Katika Surat Al-Qasas, aya ya 26, binti wa yule mzee wa Madyan anamshauri baba yake amwajiri Nabii Musa (a.s.), akitaja sifa mbili za mfanyakazi mwema: awe na nguvu na awe mwaminifu. Angalia vizuri sifa hizo. Mwenye nguvu asiye mwaminifu ni hasara kwa patroni wake, na mwaminifu asiyeweza kazi vilevile haimalizi kazi. Mtu akikupa ufunguo wa depo yake amekupa mali yake na usingizi wake pia, maana analala akiamini kwamba wewe uko.

Surat An-Nisaa aya ya 58 inaamuru amana zirudishwe kwa wenyewe. Haikusema zirudishwe kwa Waislamu tu. Wako vijana wanaosema: "Patroni wangu si wa dini yetu, mali yake si kitu." Maneno hayo ni ya hatari. Mtume (s.a.w.) alipohama Makka mwaka 622, Makuraishi walikuwa wamepanga kumuua. Pamoja na hayo, mali walizoziweka kwake zilikuwa bado nyumbani mwake, na akamwacha Sayyidna Ali (r.a.) nyuma ili awarudishie wenyewe moja baada ya moja. Ikiwa mali ya waliotaka kumuua ilirudishwa, utasema nini wewe juu ya mtu anayekulipa mshahara?

2. TOBA ISIYORUDISHA MALI HAIJAKAMILIKA

Wanavyuoni wetu, na miongoni mwao Imam Nawawi (r.a.), wamefundisha kwamba toba ya dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake ina masharti matatu: kuacha dhambi, kujuta, na kuazimia kutorudia. Lakini dhambi ikiwa imegusa haki ya mwanadamu, linaongezeka sharti la nne: kumrudishia mwenye haki haki yake, au kuomba akuachilie.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Mtu analia katika sujudi, anafunga Jumatatu na Alhamisi, na nyumba yake bado ina mabati ya watu. Machozi ni mazuri, lakini machozi hayarudishi sukari deponi. Mwenyezi Mungu ni Mwingi wa kusamehe katika haki Yake. Ama haki ya mja mwenzako, ameiacha mkononi mwa mwenyewe.

Mtume (s.a.w.) ametuonya, katika hadithi aliyoipokea Imam Bukhari, kwamba aliyemdhulumu nduguye ajitoe katika dhuluma hiyo leo, kabla ya siku ambayo hakuna dinari wala dirhamu. Siku hiyo malipo yatakuwa mema yako. Na mema yakiisha, mabaya ya uliyemdhulumu yatawekwa juu yako. Dola 50 unaweza kuzitafuta leo kwa kubeba mizigo bandarini. Kesho Akhera hakuna mzigo wa kubeba.

Tena usiseme kitu kilikuwa kidogo. Baada ya vita vya Khaybar, mwaka wa 7 wa Hijra, mtumishi mmoja aliyekuwa akimhudumia Mtume (s.a.w.), aitwaye Midam, alipigwa mshale akafa wakati anashusha mizigo. Watu wakasema pongezi kwake, amepata Pepo. Mtume (s.a.w.) akakataa, akaeleza kwamba shuka aliyoichukua katika ngawira kabla ya kugawanywa inamwakia moto. Waliposikia hayo, mtu mmoja akaja na kamba ya kiatu, moja au mbili, akairudisha, naye akaambiwa kwamba hata kamba hiyo ni ya moto. Hadithi hii iko kwa Bukhari na Muslim. Fikiri juu ya mtu yule wa kamba ya kiatu. Hakuna aliyekuwa akimtafuta wala aliyemshuku. Alisikia tu, akaleta.

3. JE, NI LAZIMA KUJITAJA?

Hapa nataka msomaji asome polepole, kwa sababu hapa mimi mwenyewe niliteleza.

Mtu yule aliponiuliza kama ni lazima amwambie patroni, nilimjibu haraka: "Jifunike. Mungu amekufunika, usijifunue. Rudisha mali kwa njia ya siri." Jibu hilo lina asili katika dini. Mtume (s.a.w.) hakupenda mtu ajitangazie maovu yake. Wanavyuoni wanasema kinachotakiwa ni haki imfikie mwenyewe, na si lazima mwenyewe ajue mkono ulioirudisha. Unaweza kuituma kwa mtu mwaminifu asiyetaja jina. Unaweza kuitia katika sanduku la mauzo bila kuiandika kuwa yako. Mwenye mali akifa, inakwenda kwa warithi wake. Akipotea kabisa, baada ya kumtafuta kwa kweli, unaitoa sadaka kwa niaba yake, na siku akionekana unamweleza.

Nikadhani nimemaliza. Mtu yule akainuka kwenda, halafu akarudi akasema: "Lakini kuna yule mzee sentinele."

Nikauliza ni sentinele gani. Akanieleza. Patroni alikuwa ameanza kushangaa kwamba mifuko inapasuka kupita kiasi. Akashuku usiku. Akamfukuza mlinzi wake, mzee wa watu, Mkristo wa parokia ya jirani, baada ya kumweka siku mbili buloko. Mzee yule hakuiba hata kijiko kimoja cha sukari. Alirudi kwake bila kazi, watoto wake wawili wakatolewa shule kwa kukosa malipo, na katika mtaa wakamwita mwizi. Na mshika depo wetu alikuwa akimsalimia kila asubuhi.

Ndugu zangu, hapo jibu langu la kwanza likaanguka. Kujifunika kunaruhusiwa pale ambapo aibu ni yako peke yako. Lakini ikiwa mtu asiye na kosa amebeba kosa lako, nguo unayojifunika imekuwa ni ngozi ya mtu mwingine. Surat An-Nisaa aya ya 135 inatuamuru tusimame imara kwa uadilifu, tuwe mashahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu hata dhidi ya nafsi zetu. Na katika sura hiyohiyo, aya ya 112, imeelezwa kwamba anayetenda kosa kisha akamsukumia asiye na hatia amejibebesha uzushi na dhambi iliyo wazi. Naye kunyamaza kwake kulikuwa kumsukumia.

Nikamwambia: "Nilikosea. Kwa sababu ya mzee huyu, ni lazima useme."

Basi kanuni ni hii, ishike: mali ni lazima irudi katika kila hali. Jina lako unaweza kulificha, ila pale ambapo kulificha kunamdhulumu mwingine.

4. MATOKEO YA KUKIRI HAPA DUNIANI

Sitaki kukudanganya. Wako wanaohubiri kwamba ukisema kweli mambo yote yatakuwa mazuri siku hiyohiyo. Ukweli unaokoa, lakini una bei, na ni vizuri uijue kabla hujaenda.

Kwanza, kazi. Sheria ya Kazi ya nchi yetu, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inahesabu tendo la kukosa uaminifu kuwa kosa zito. Mwenye kosa zito anaweza kuachishwa bila preavi. Usimlaumu patroni akifanya hivyo, ni haki yake. Lakini siku ulizokwisha kuzifanyia kazi ni jasho lako, wala kosa lako halilifuti. Mnaweza kukubaliana likatwe katika deni.

Pili, mahakama. Kanuni ya Adhabu ya tarehe 30 Januari 1940 inasema katika kifungu cha 80 kwamba wizi usio na nguvu wala vitisho unaweza kufikia kifungo cha miaka mitano pamoja na faini. Aliyekabidhiwa mali akaila anaangaliwa katika kifungu cha 95, kutoka miezi mitatu hadi miaka mitano. Na anayekula mali ya Serikali aliyokabidhiwa, kifungu cha 145 ni kizito zaidi, kinafika miaka ishirini. Patroni akipeleka mashtaka, polisi hawana ruhusa ya kukuweka zaidi ya saa 48 bila kukupeleka mbele ya mwenye mamlaka ya sheria. Hiyo iko katika Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 18. Na mtu akikuambia mpe kitu mkubwa ili faili ipotee, kataa. Utakuwa umeosha wizi kwa rushwa, ni kama kuosha damu kwa mkojo.

Tatu, deni. Kukiri kwako kunageuka kuwa deni linalojulikana. Mafakihi wa madhehebu yetu ya Imam Shafii wanafundisha jambo zito hapa: mtu aliyekiri wizi mbele ya kadhi akirudi katika maneno yake, adhabu inaondoka, lakini mali haiondoki. Haki ya Mungu inaweza kusamehewa kwa neno, haki ya mja haifutiki kwa neno.

Watu huniuliza juu ya kukatwa mkono, iliyotajwa katika Surat Al-Maidah aya ya 38. Hukumu hiyo ni ya kadhi na dola yenye kuhukumu kwa sheria ya Kiislamu, tena ina masharti mengi. Na aliyekabidhiwa amana akaifanyia hiana hahesabiwi katika hukumu hiyo. Wala hakuna mtu yeyote msikitini au mtaani mwenye ruhusa ya kumgusa mwizi. Wanaowafunga vijana matairi na kuwachoma wamekuwa wauaji. Soma na aya ya 39 inayofuata: anayetubu baada ya dhuluma yake na akatengeneza, Mwenyezi Mungu anapokea toba yake. Neno "akatengeneza" usiliruke.

Nne, nyumba. Mke atauliza pesa zile zilikwenda wapi. Watoto watasikia shuleni. Jiandae kuwaambia wewe kabla hawajaambiwa na mtaa. Mtoto akisikia kwa baba yake, "Nilikosa, sasa ninarudisha," amepata somo ambalo madrasa yangu haiwezi kumpa.

5. SUKARI YA FUTARI

Kuna jambo la tano, nalo ni la kwetu sote. Siku ile nilimuuliza mifuko 23 ilikwenda wapi. Alitaja mingi iliyouzwa. Kisha akainamisha kichwa: "Miwili nilileta hapa, Maalim. Ramadhani iliyopita."

Nikakumbuka. Tulikuwa tumemwombea dua mbele ya watu kwa ajili ya sukari ile ya uji wa futari. Mimi ndiye niliyeinua mikono, ninyi mkaitikia amina.

Mugira bin Shuuba (r.a.), kabla hajasilimu, aliwaua watu aliokuwa nao safarini akachukua mali yao, kisha akaja kusilimu. Mtume (s.a.w.) akamjibu kwamba Uislamu wake anaupokea, ama mali ile, yeye hana jambo nayo. Iko kwa Bukhari. Mtu anapokewa, mali ya haramu haipokewi.

Sisi tulikunywa bila kujua, kwa hiyo hatuna dhambi Inshallah. Lakini kutojua hakufanyi mali ya mtu kuwa yetu. Kamati ya msikiti ilikaa, ikaamua bei ya mifuko miwili, dola 100, itoke katika sanduku letu imrudie mwenyewe. Wengine walinung'unika, wakasema patroni ni tajiri na paa letu linavuja. Ni kweli, linavuja hata leo. Nafadhali tuloweshwe na mvua kuliko kukaushwa na mali ya mtu.

6. "LAKINI PATRONI NAYE ANANIDHULUMU"

Najua neno hili liko mdomoni mwa wengi, na si neno la bure. Wako mapatroni wanaokaa miezi mitatu bila kulipa, wanaomfukuza mgonjwa, wanaomlipa sentinele pesa isiyotosha unga wa wiki moja. Mtume (s.a.w.) ameeleza kwamba Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa mshitaki wa mtu aliyemwajiri mfanyakazi, akamaliza kazi yake, asimpe ujira wake. Patroni unayesoma karatasi hii, Mwislamu mwenye duka, mwenye gari, mwenye depo, jiulize utajibu nini.

Sikiliza hukumu ya Sayyidna Umar (r.a.), iliyopokewa na Imam Malik katika Muwatta. Watumwa wa mtu mmoja aitwaye Hatib waliiba ngamia wa mtu wa kabila la Muzayna wakamchinja. Umar akatambua kwamba bwana wao anawaacha na njaa. Akamgeukia bwana yule, akamtoza fidia. Mwenye ngamia alisema angekataa kumuuza kwa dirhamu 400. Umar akamwamuru Hatib alipe 800. Aliyewaacha na njaa ndiye aliyelipa, tena mara mbili.

Lakini angalia mambo mawili. Aliyehukumu ni kadhi, hawakujihukumia wenyewe. Na mwenye ngamia alipata haki yake kamili. Njaa ya mfanyakazi haikuifuta haki ya mwenye mali. Mtume (s.a.w.) ametufundisha tumrudishie amana aliyetuamini, wala tusimfanyie hiana aliyetufanyia hiana. Ikiwa patroni hakulipi, dai kwa mdomo, kisha kwa barua. Nenda kwa mjumbe wa sendika, nenda kwa Inspeksheni ya Kazi, lete wazee. Usidai kwa kuiba usiku, kwa maana mshika depo wetu alikuwa analipwa kila mwezi, naye alianza kwa neno hilohilo: "Ninajilipa mwenyewe."

7. NAMNA YA KWENDA KUKIRI

Ukiwa umeazimia, fanya hivi:

- Hesabu kwanza. Usiende na maneno "nilichukua vitu". Andika nini, kiasi gani, lini. Usipokumbuka sawasawa, zidisha, usipunguze.
- Anza kurudisha kabla ya kusema, hata kama ni kidogo. Mkono wenye kitu unasadikiwa kuliko mdomo mtupu.
- Nenda na mtu mmoja mwenye heshima atakayekuwa shahidi. Usiende na kundi.
- Sema kosa lako, usiseme la wenzako ili kujipunguzia. Lakini asiye na hatia aliyeshukiwa, msafishe kwa jina lake wazi.
- Andikeni karatasi ya deni, kama Surat Al-Baqarah aya ya 282 inavyoelekeza juu ya madeni. Iandikwe jumla, malipo ya kila mwezi, tarehe, na saini za wote wawili. Kila ukilipa, dai risiti.
- Usikiri usilolifanya. Iqrari katika dini haisihi kwa kulazimishwa. Mtu aliyepigwa hadi akasema "ni mimi" hajakiri kitu, na aliyempiga ni mdhalimu. Usitie saini karatasi usiyoisoma au usiyosomewa.

Na wewe unayekiriwa, mwenye mali, nawe una somo. Haki ni yako na kudai si dhambi. Lakini Surat Al-Baqarah aya ya 280 inaamuru mdaiwa mwenye dhiki apewe muda, na kumwachilia ni kheri zaidi. Na Surat Ash-Shura aya ya 40 inaahidi kwamba anayesamehe na kusuluhisha malipo yake yako kwa Mwenyezi Mungu. Kumbuka pia kwamba mtu aliyekuja kwa miguu yake si sawa na aliyekamatwa na mzigo kichwani. Ukimfanyia wa kwanza kama wa pili, umewafundisha wafanyakazi wako wote kunyamaza.

8. ILIKUWAJE MWISHO

Tulikwenda pamoja, siku ya Jumamosi asubuhi. Alikuwa ameuza baiskeli yake na mabati aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya nyumba, akapata dola 300. Nami nilibeba zile 100 za msikiti. Patroni alisikiliza bila kusema neno. Kisha akakasirika sana, hasa juu yangu, akisema dini yetu inafuga wezi. Sikumjibu. Alikuwa na haki ya kukasirika.

Alimfukuza kazi siku hiyohiyo. Hakupeleka mambo Parke. Walibaki na deni la dola 750, wakaandikiana dola 15 kwa mwezi, yaani miezi 50, miaka minne na miezi miwili. Leo mtu yule anapakia mizigo bandarini na mkewe anauza mawese sokoni. Miezi mingine chakula kinapungua. Hajakosa kulipa.

Kisha tulikwenda kwa mzee sentinele. Hiyo ilikuwa ngumu kuliko ya patroni. Patroni alipoteza mali, mzee alipoteza jina. Mshika depo alipiga magoti mlangoni, mbele ya majirani waliokuwa wakimwita mzee mwizi, akasema kwa sauti: "Baba, mwizi nilikuwa mimi." Mzee alikaa kimya. Halafu akamwambia: "Sema tena, yule jirani wa ng'ambo hajasikia." Akasema tena.

Patroni alimwita mzee arudi kazini na kumlipa miezi aliyokosa. Mzee alichukua malipo, kazi aliikataa. Na yule aliyemdhulumu, je, amemsamehe? Mzee alisema bado anaomba Mungu ampe moyo wa kusamehe. Tunamngojea. Hatumhimizi, maana msamaha ni mali yake, naye ameshaibiwa vya kutosha.

Hivi karibuni nilimuuliza mtu wetu kama anajuta kwamba alisema. Akanijibu kwamba njaa anaijua, lakini siku hizi mtu akigonga mlango usiku hashituki tena.

MASWALI YA KUJIULIZA NYUMBANI

1. Je, katika nyumba yangu kuna kitu cha kazini ambacho mwenyewe hajui kiko kwangu?
2. Je, yuko mtu aliyewahi kulaumiwa kwa kosa langu nikanyamaza?
3. Je, nikiwa patroni, kuna jasho la mtu ambalo sijalilipa?

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali Yako tusihitaji haramu Yako. Tupe nguvu ya kurudisha kabla hatujadaiwa na Wewe. Wape subira waliodhulumiwa, na wape moyo wa huruma wenye mali. Samehe kosa la mwandishi huyu aliyejibu haraka. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

(Karatasi hii ina majina matukufu. Usiitupe chini wala usifungie samaki. Ukimaliza kusoma mpe mwenzako.)